Bazalgette, mzee aliyeuhamisha uvundo wa London

Wadau, leo tuachane kidogo na siasa na mpira. Nataka niwape stori ya mzee mmoja wa Kiingereza ambaye sanamu yake ipo kando ya mto Thames, pale London, na nina hakika wapita njia wengi hawaitupii hata jicho. Anaitwa Joseph Bazalgette. Hakuwa mwanasiasa, hakupigana vita, hakugundua umeme. Alikuwa mhandisi wa mitaro ya majitaka. Najua kuna watakaosema habari za choo sio za kusoma ukiwa umelipia nusu saa kwenye kompyuta ya watu, lakini vumilieni. Stori yenyewe ina vifo, ina Bunge lililoziba pua, na ina meli iliyozama kwenye maji ambayo hakuna binadamu angetaka hata kuyagusa.

Watu wengi wanamsifu kwamba ndiye aliyesafisha majitaka ya London. Mimi nimefuatilia habari zake muda sasa na msimamo wangu ni huu: sifa anazistahili, tena nyingi, ila hiyo ya kusafisha sio yake. Mitaro yake haikusafisha hata ndoo moja. Iliyahamisha tu majitaka. Na tofauti kati ya kuhamisha na kusafisha ilikuja kuonekana vibaya sana, nitafika huko.

Haya, tuanze mwanzo. Alizaliwa tarehe 28 Machi 1819 huko Enfield, kaskazini mwa London. Jina lake halisikiki kama la Kiingereza kwa sababu babu yake, Jean-Louis, alikuwa fundi cherehani Mfaransa aliyehamia Uingereza na kufanikiwa mpaka akawa anamshonea nguo mwana wa mfalme, yule aliyekuja kuwa George IV. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Kwa hiyo huyu bwana hakutokea familia ya kuhangaika na mlo. Akiwa na miaka 17 alichukuliwa kama mwanafunzi wa kazi na mhandisi Sir John Macneill, akapelekwa Ireland kwenye shughuli za kukausha ardhi iliyojaa maji. Yaani toka ujana wake kazi yake ilikuwa kuyaambia maji yapite wapi.

Mwaka 1842 akafungua ofisi yake London. Ilikuwa enzi ya reli, kila mwenye hela alitaka kujenga reli, na wahandisi walikuwa hawalali. Bazalgette alifanya kazi mpaka mwaka 1847 mwili na akili vikagoma kabisa, ikabidi aondoke mjini akapumzike. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwembamba. Alishaoa mwaka 1845, mkewe Maria Kough, na walikuja kupata watoto 11. (Kwa wale wa Big Brother: mtu wa kizazi chake, Peter Bazalgette, ndiye mtayarishaji aliyeipeleka Big Brother kwenye runinga za Uingereza mwaka 2000. Waingereza wana utani wao kuhusu hilo, kwamba babu aliutoa uchafu majumbani na mjukuu akaurudisha. Sisi tuliomshangilia Mwisho Mwampamba 2003 tunyamaze tu.)

Mwaka 1849 alirudi kazini, safari hii kwenye tume ya mitaro ya jiji. Na hapa inabidi nieleze London ilikuwaje, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini mtu wa mitaro alijengewa sanamu.

Jiji lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Zamani kila nyumba ilikuwa na shimo lake, na kulikuwa na watu wa kutapisha mashimo hayo usiku, wenzao wa wale ambao Dar tumezoea kuwaita vyura. Mzigo ulikwenda kuuzwa kwa wakulima kama mbolea. Mfumo ulikuwa unanuka lakini ulikuwa unazunguka, kinachotoka kinarudi shambani. Halafu vikaja vyoo vya kuvuta maji. Watu wakavipenda kweli, lakini choo cha namna hiyo kinamwaga maji mengi kila kikivutwa, na mashimo yakaanza kufurika. Wakubwa wakaona dawa ni kuunganisha nyumba na mitaro ya mvua. Mitaro ya mvua inamwaga wapi? Thames. Na baadhi ya kampuni za maji zilikuwa zinachota wapi maji ya kuwauzia watu? Thames hiyohiyo. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaimaliza.

Kipindupindu kilichopiga 1848 na 1849 kiliua watu zaidi ya 14,000 London peke yake. Kile cha 1853 na 1854 kikaondoka na wengine zaidi ya 10,000. Ajabu ni kwamba wataalamu wengi waliamini ugonjwa unaletwa na harufu mbaya. Daktari John Snow alionyesha mwaka 1854, kwa kufuatilia nyumba moja baada ya nyingine kuzunguka pampu moja ya maji mtaa wa Broad, kwamba tatizo lilikuwa kwenye maji ya kunywa. Wachache walimwelewa. Alifariki Juni 1858 bila kuona wakubwa wakikubali. Bazalgette mwenyewe alikuwa upande wa harufu. Kwa hiyo mnapomsoma mkumbuke jambo hili: mtu aliyeliokoa jiji na kipindupindu alikuwa anapigana na adui ambaye siye.

Bosi wake kwenye tume, Frank Forster, alifariki 1852, watu wakasema kazi na lawama vimemmaliza. Bazalgette akapewa kiti. Kisha ikaundwa bodi mpya ya ujenzi wa jiji, na 1856 akawa mhandisi mkuu wake. Mpango wake ulieleweka kirahisi. Mitaro yote ya zamani ilikuwa inashuka kuelekea mtoni, kutoka kaskazini na kutoka kusini. Yeye alitaka kujenga mitaro mikubwa inayokatiza hiyo ya zamani kabla haijafika mtoni, ikikimbia toka magharibi kwenda mashariki sambamba na mto, mpaka nje ya mji. Huko mzigo uhifadhiwe kwenye mabwawa makubwa na kufunguliwa maji ya bahari yanapokupwa, yauchukue kwenda zake.

Mkwamo ukawa ni swali moja tu: umwagwe umbali gani? Waziri aliyehusika, Sir Benjamin Hall, alikataa michoro zaidi ya mara moja. Hoja yake ilikuwa kwamba pale alipopachagua Bazalgette ni karibu mno, maji yakijaa yataurudisha uchafu mjini. Wataalamu wa serikali wakataka usogezwe mbali zaidi kuelekea bahari, gharama ingepanda sana, na hakuna aliyetaka kulipa. Miaka miwili ikapita kwa barua na vikao. Sisi watu wa pwani tunaojua bamvua ni nini, tunaweza kumpa huyo waziri maksi zake.

Kilichovunja ubishi ni jua. Kiangazi cha 1858 joto lilikuwa kali, mto ukapungua, na uchafu wa watu milioni mbili na zaidi ukaachwa ukiiva kwenye kingo. Bunge la Uingereza liko kandokando ya Thames. Wakalowanisha mapazia kwa dawa ya klorini, haikusaidia. Waheshimiwa walishindwa kukaa ukumbini. Ebwana, yale yaliyoshindikana wakati maelfu wanakufa mitaa ya maskini yaliwezekana ndani ya siku 18 harufu ilipoingia bungeni. Disraeli, aliyekuwa waziri wa fedha, akaleta muswada, na tarehe 2 Agosti 1858 ukawa sheria. Bodi ikaruhusiwa kukopa pauni milioni 3, na ile kura ya turufu ya waziri ikaondolewa. Bazalgette akaambiwa jenga.

Na alijenga kweli. Mitaro mikuu kilomita 132, mitaro ya mitaani kama kilomita 1,800, matofali milioni 318. Yote hayo chini ya jiji ambalo watu wanaishi, wanafanya biashara, na treni zinapita. Mitaro mingi aliipa umbo la yai, ncha nyembamba chini, ili hata maji yakiwa kidogo yakimbie kwa kasi na yasiache taka nyuma. Mteremko ulikuwa kama sentimita 38 tu kwa kila kilomita, sasa jaribu kuchimba hivyo kwa koleo na toroli bila kukosea. Alitumia saruji ya Portland, ambayo wakati huo wengi walikuwa hawaiamini kwa kazi kubwa kama hiyo, na akaweka utaratibu wa kuipima saruji inayoletwa kabla haijatumika. Mkandarasi akileta mbovu, inarudi. Hilo peke yake linanifanya nimvulie kofia, maana tunajua barabara ngapi zimekufa kabla ya kuzinduliwa.

Sehemu za chini, ambapo mteremko uliisha, alijenga vituo vya pampu za mvuke ili majitaka yanyanyuliwe na kuanza safari upya. Cha Crossness, upande wa kusini, kilifunguliwa Aprili 1865 na mwana wa mfalme mwenyewe. Cha Abbey Mills, upande wa kaskazini, kilikamilika 1868, na ukiona picha zake utadhani ni kanisa, mapambo kila kona, chini yanapita mavi. Halafu kando ya Thames akajaza udongo na kujenga ukuta na barabara pana, ile Victoria Embankment iliyofunguliwa 1870. Ndani yake kuna mtaro mkuu na kuna reli ya chini ya ardhi. Watalii wanapiga picha pale juu bila habari.

Matokeo yakaja haraka kuliko alivyotarajia yeyote. Mwaka 1866 kipindupindu kilirudi na kuua karibu watu 5,600, lakini safari hii kiling'ang'ania mashariki ya jiji, sehemu ambayo mitaro mipya ilikuwa haijakamilika na kampuni ya maji ilikuwa imewapa watu maji yasiyochujwa. Sehemu nyingine za jiji zilipona. Baada ya hapo London haikupata tena mlipuko mkubwa. Wimbi hilohilo la kipindupindu lililokuwa linazunguka dunia liliingia kwetu likitokea bara, likafika Unguja 1869 na kuendelea kuua mpaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliandika kitabu kizima kuhusu milipuko ya Afrika Mashariki, kikachapishwa 1876. Ndani ya miaka michache gonjwa moja lilipita miji miwili, mmoja una mitaro mipya na mwingine una visima.

Bazalgette akapewa cheo cha Sir. Ingekuwa sinema, ingeishia hapo.

Lakini mzigo ulikuwa wapi? Ulikuwa Beckton na Crossness, kilomita kadhaa mashariki ya jiji, unamwagwa mtoni kama ulivyo. Watu wa huko chini wakaanza kulalamika. Mwaka 1877 bodi inayosimamia mto ilipokea ripoti kwamba kuna tope linajikusanya karibu na midomo ya mitaro. Bazalgette na wenzake wakabisha, wakasema tope hilo sio lao.

Kisha ikaja jioni ya tarehe 3 Septemba 1878. Meli ya abiria Princess Alice ilikuwa inarudi London, imejaa familia zilizotoka matembezi ya siku. Karibu kabisa na midomo ya mitaro ikagongwa na meli ya makaa ya mawe, Bywell Castle, na ndani ya dakika chache ikakatika na kuzama. Mitaro ilikuwa imefunguliwa kama saa moja kabla. Watu zaidi ya 600 walikufa. Walioangukia mle hawakuangukia maji, waliangukia kinyesi cha jiji zima kilichochanganyika na taka za viwanda, na baadhi ya waliookolewa wakiwa hai waliugua na kufa baadaye. Maiti zilikuwa na utelezi mpaka kuzitambua ikawa shida. Sisemi Bazalgette aliwaua, walioua ni manahodha waliogongana. Ila wale watu walikuwa wakazi wa London wengi wao, na waliyoyameza ndiyo waliyokuwa wameyavuta chooni mwao.

Hapo ubishi ukakosa nguvu. Tume ya kifalme ilikaa kuanzia 1882 mpaka 1884 na kusema wazi kwamba majitaka mabichi hayafai kuendelea kumwagwa mtoni. Kwenye mabwawa ya Beckton na Crossness wakaanza kutia chokaa na chumvi ya chuma, uchafu mgumu unashuka chini, maji yaliyobaki juu ndiyo yanaachiwa. Tope linalobaki linapakiwa melini na kutupwa baharini. Meli ya kwanza ya kazi hiyo, mwaka 1887, iliitwa Bazalgette. Sijui kama ukipewa heshima ya namna hiyo unashukuru au unanuna. Utupaji huo uliendelea mpaka 1998, msidhani ni mambo ya kale sana.

Bodi yake ilivunjwa 1889 baada ya kashfa za rushwa za baadhi ya maofisa, na mwaka huohuo yeye akastaafu. Alifariki tarehe 15 Machi 1891 nyumbani kwake Wimbledon, akiwa na miaka 71, wiki mbili kabla ya siku yake ya kuzaliwa.

Kusafisha kwenyewe kulikuja kwa njia nyingine, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. William Dibdin, mkemia aliyekuwa akisimamia mambo hayo London, aliona kwamba dawa zinashusha uchafu tu, haziumalizi. Uchafu unamalizwa na bakteria. Wapo tayari, hawanunuliwi. Ukimwaga majitaka mtoni wanayala, shida ni kwamba wakila wanavuta hewa yote iliyo ndani ya maji na samaki wanakufa kwa kukosa pumzi. Ujanja ni kuwapa chakula hicho kabla hakijafika mtoni, sehemu ambayo hewa unawapa wewe. Miaka ya 1890 Dibdin akajenga vitanda vya makaa ambavyo bakteria wanakaa juu yake na majitaka yanapita.

Mwaka 1914, Manchester, Edward Ardern na William Lockett wakafanya jambo ambalo ukilisikia utasema mbona rahisi. Walipuliza hewa ndani ya chupa za majitaka kwa wiki kadhaa mpaka yakatakata. Badala ya kumwaga tope lililobaki chini, wakaliacha na kuongeza majitaka mapya juu yake. Safari hii ikachukua muda mfupi zaidi. Wakarudia, ikawa mfupi zaidi tena, mpaka kazi ya wiki ikawa ya saa. Ni kama anavyofanya mama anayegandisha maziwa, anabakiza ya jana kidogo chini ya kibuyu. Lile tope lilikuwa limejaa bakteria wenye njaa na uzoefu.

Mitambo mingi ya miji mikubwa leo inaendeshwa kwa mtindo huo. Majitaka yakiingia yanapita kwanza kwenye nondo zinazozuia matambara, mifuko na mataulo ya watoto. Halafu yanapunguzwa mwendo ili mchanga uanguke. Yanakaa saa kadhaa kwenye tangi, mzito unashuka na mafuta yanaelea, vyote vinaondolewa. Ndipo yanaingia kwenye tangi la hewa, panachemka kama sufuria lakini ni mapovu tu, na bakteria wanakula kile ambacho jicho halioni. Tangi la mwisho linatulizwa, tope linashuka, sehemu yake inarudishwa nyuma kuanza kazi upya na maji yaliyotakata yanakwenda mtoni. Tope la ziada linafungiwa mahali pasipo na hewa, bakteria wa aina nyingine wanalila na kutoa gesi inayoweza kuwashwa kuzalisha umeme. Mabwawa kama ya Vingunguti, au yale makubwa ya Ruai nje ya Nairobi, yanatumia wadudu walewale bila mashine ya kupuliza: hewa inatolewa na mwani kwa msaada wa jua, ambalo kwetu ni la bure. Gharama yake ni ardhi kubwa na siku nyingi za kusubiri.

London yenyewe ilichelewa. Mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya viumbe walitangaza kwamba sehemu ya Thames inayopita jijini imekufa, hakuna uhai wa maana ndani yake. Mitambo ya Crossness na Beckton ikajengwa upya na kupanuliwa kwa miaka iliyofuata, na 1974 akapatikana samoni mtoni, samaki ambaye maji machafu hayawezi kabisa.

Mitaro ya Bazalgette bado inafanya kazi. Aliipima kwa watu wengi kuliko waliokuwepo, lakini leo jiji lina karibu milioni 9, na kwa kuwa mvua na majitaka vinapita njia moja, mvua kubwa ilikuwa inasababisha mitaro kutapika mtoni. Kwa hiyo wakachimba handaki jipya chini ya Thames, kilomita 25, upana zaidi ya mita 7, na Februari 2025 sehemu zake zote zikawa zimeunganishwa. Linaishia Abbey Mills, palepale penye ile nyumba yake inayofanana na kanisa, kisha mzigo unapelekwa Beckton. Siku hizi ukifika Beckton unasafishwa kwanza.

Nani anajua ya mtaani kwake yanaishia wapi? Sio karo, baada ya karo, lile gari la kunyonya likishaondoka. Tupieni hapo chini.